Sapu, Kari na Kurudia Mwaka: Mwongozo Kamili wa Gharama na Hatua za Kuchukua

Mwanafunzi wa chuo kikuu anapofungua matokeo na kukuta ameshindwa somo, swali linalomtoka kwanza huwa ni hili: sapu inalipiwa shilingi ngapi? Ni swali la haki, lakini ndilo dogo kuliko yote anayopaswa kuuliza. Ada ya mtihani wa marudio, hata pale chuo kinapoitoza kwa kila somo, ni kipande kidogo tu cha gharama. Fedha nyingi huondokea kwenye nauli, kodi ya chumba, chakula cha siku ambazo bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halitoki, na zaidi ya yote kwenye mwaka mzima ambao Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haiwajibiki kuulipia.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania, pamoja na wazazi na walezi wanaowalipia. Nimeuandika kwa sababu mdogo wangu mwenyewe alirudia mwaka bila sisi nyumbani kukaa chini na kupiga hesabu. Tulilipa ada, tukaona mambo yamekwisha, kisha mwezi wa pili wa masomo akatupigia simu kwamba jina lake halimo katika orodha ya wanaosaini bumu. Mwaka ule tuliuvuka kwa kuuza shamba dogo, na hadi leo naamini tungeweza kulibakiza kama tungejua mapema ni nini kinachokuja.

Hatua ya kwanza: jua uko katika kundi lipi

Vyuo vyetu hutofautiana katika kanuni za mitihani, ila makundi yenyewe karibu ni yale yale. Wapo wanaofanya sapu, yaani mtihani wa marudio wa somo waliloshindwa, ambao kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka wa masomo kabla mwaka mpya haujaanza. Wapo wanaobeba kari, yaani wanaruhusiwa kuingia mwaka unaofuata huku wakidaiwa somo la nyuma ambalo watalisoma tena litakapofundishwa. Wapo wanaotakiwa kurudia mwaka, mzima au kwa yale masomo waliyoshindwa tu. Wa mwisho ni wale waliodisko, ambao wameondolewa masomoni.

Usikubali kuambiwa na mwenzako uko kundi gani. Fungua mwenyewe akaunti yako katika mfumo wa taarifa za wanafunzi, soma maneno yaliyoandikwa chini ya matokeo, kisha tafuta kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako na usome kifungu kinachohusu neno hilo hilo. Angalia pia kama matokeo ni ya awali au yameshapitishwa na Seneti, chombo cha juu cha taaluma cha chuo, kwa sababu matokeo ya awali yanaweza kubadilika, na muda wa kukata rufaa mara nyingi huanza kuhesabiwa siku yanapotangazwa. Wanafunzi wengi huzipoteza siku hizo kwa kulia na kujificha. Ninawaelewa, lakini siku hizo hazirudi.

Hatua ya pili: piga hesabu ya GPA yako, yaani wastani wa pointi, kwa mkono

Katika vyuo vyetu vingi daraja A lina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1 na E 0. Kila somo lina uzito wake wa krediti, na kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni sawa na takribani saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Mwaka wa masomo una krediti zisizopungua 120, na shahada ya miaka mitatu ina zisizopungua 360. GPA hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, kujumlisha yote, kisha kugawanya kwa jumla ya krediti.

Hesabu hii si ya kujifurahisha. Tuchukulie chuo chako kinataka GPA ya mwaka isipungue 2.0, nawe umepata 1.9 kwa krediti 120. Pengo la 0.1 likizidishwa kwa krediti 120 linakuwa pointi 12. Somo moja la krediti 12 likitoka D na kuwa C linaongeza pointi 12 kamili, hivyo somo hilo moja ndilo linalosimama kati yako na mwaka wa ziada. Ukishalijua, unajua pa kuweka nguvu zako zote, na unajua kwamba hata nauli ya kutoka Kigoma kwenda kufanya sapu hiyo ni fedha iliyotumika mahali pake.

Hapo pana jambo moja la kuuliza ofisini kwa makini. Baadhi ya vyuo huangalia GPA ya mitihani ya kwanza kabla ya kukuruhusu kufanya sapu, kwa hiyo aliye chini ya kikomo haitwi kabisa kwenye mtihani wa marudio. Vingine huangalia GPA baada ya sapu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayoamua kama una nafasi ya pili mwaka huu au huna.

Hesabu hii pia huondoa hofu isiyo na msingi. Vyuo vingi havitoi daraja la juu ya C kwa somo lililofanywa kwa sapu, na wanafunzi husema basi shahada imekwisha kuharibika. Si kweli. Somo la krediti 12 ambalo ungepata B, ukilipata kwa C, linapunguza pointi 12 katika shahada yenye krediti 360, yaani takribani 0.03 tu ya GPA yote. Kwa kuwa daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la pili la chini huanzia 2.7, sapu moja haimtoi mtu katika daraja lake isipokuwa kama alikuwa ukingoni kabisa. Kinachoharibu shahada ni kuikimbia sapu hiyo hadi igeuke kuwa kari, na kari igeuke kuwa mwaka.

Hatua ya tatu: andika gharama zote za sapu

Chukua karatasi, uandike kwanza ada ya mtihani wa marudio. Iulize idara ya fedha ya chuo chako, kwa kuwa kila chuo hupanga kiwango chake na kipo kinachotoza kwa kila somo. Malipo ya vyuo vya umma hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, inayotolewa kwa jina lako na kwa malipo hayo tu. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie, wala usitumie namba ya mwenzako, kwa sababu malipo yasiyosoma kwenye akaunti yako yanaweza kukuzuia mlangoni siku ya pepa.

Baada ya hapo andika nauli ya kwenda na kurudi, kodi ya chumba, chakula na vocha. Kipindi cha sapu huangukia likizo ndefu, wakati ambapo bumu halitolewi, na hosteli nyingi huwa zimefungwa au hutoza kwa siku. Mwanafunzi wa Dodoma ambaye nyumbani kwao ni Bukoba anaweza kutumia kwa wiki mbili fedha nyingi mara kadhaa kuliko ada yenyewe ya mtihani. Kama ratiba ya sapu imeshatolewa, pengine ni nafuu kubaki mjini kwa ndugu au kushirikiana gheto na wenzako wenye mitihani siku hizo hizo kuliko kusafiri mara mbili.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni maandalizi. Katika vyuo vingi alama za muhula hugawanywa 40 kwa majaribio na kazi za darasani na 60 kwa mtihani wa mwisho, lakini kwenye sapu vipo vyuo vinavyoziweka kando zile 40 na kukupima kwa mtihani peke yake. Aliyekuwa na 30 kati ya 40 na akadhani zinamsubiri anaweza kushtuka. Muulize mwalimu wa somo kabla hujaanza kusoma, na uombe kuiona mitihani ya miaka iliyopita badala ya kutegemea madesa, yaani notsi, ya mwenzako ambaye naye alishindwa.

Kari ni deni lenye riba

Sina maneno mengi juu ya kari, isipokuwa kwamba inaonekana nyepesi kwa sababu hailipiwi kwa wakati mmoja. Unaingia mwaka wa pili au wa tatu kama wenzako, mkopo kwa kawaida unaendelea, na somo la nyuma linasubiri. Ugumu hujitokeza ratiba inapotoka na somo hilo likagongana na somo la mwaka wako, au linapofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Anayebeba kari hadi mwaka wa mwisho na kushindwa tena huwaona wenzake wakivaa joho huku yeye akibaki kwa ajili ya somo moja, akilipa chumba cha miezi mitano kwa kipindi cha saa tatu kwa wiki. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya sapu na kari, fanya sapu.

Hatua ya nne: gharama halisi ya kurudia mwaka

Hapa ndipo familia nyingi huumia, na ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo, ya mwaka 2004, inaweka sharti kwamba mwanafunzi anayeendelea na masomo awe amefaulu mitihani inayomwezesha kuingia mwaka unaofuata. Aliyerudi mwaka ule ule hajatimiza sharti hilo. Zaidi ya hapo, mkopo hupangwa kwa idadi ya miaka ya programu. Kozi ya miaka mitatu imepangiwa miaka mitatu. Kwa hiyo panga kana kwamba mwaka wa kurudia utaulipia mwenyewe wote, kisha nenda kwa afisa mikopo katika dawati la mikopo la chuo chako ukaulize kwa maandishi hali yako ikoje. Jibu likiwa zuri, umeokoa fedha. Likiwa baya, hutalijua ukiwa umeshakwama.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Posho ya chakula na malazi ya wanufaika iliongezwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023, hivyo bumu la siku 60 ni Sh 600,000, na mikupuo minne kwa mwaka inafika Sh 2,400,000. Hicho ndicho kiasi ambacho mnufaika aliyekuwa akipata posho kamili atalazimika kukitafuta nyumbani. Weka ada ya masomo, tuseme Sh 1,200,000. Ongeza vitabu na viandikwa, tuseme Sh 200,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh 50,400, na mchango wa Tume ya Vyuo Vikuu wa Sh 20,000. Jumla inakuwa Sh 3,870,400, kabla ya nauli, na kabla ya nguo au simu kuharibika.

Bado kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti yoyote, nayo ni mwaka mmoja wa mapato unaosogezwa mbele. Kama ungeanza kazi ya kukuletea Sh 600,000 kwa mwezi, mwaka mmoja ni Sh 7,200,000. Najua kazi hazingoji wahitimu mlangoni, na wengi hukaa nyumbani muda mrefu kabla ya kupata ajira. Hata hivyo yule anayemaliza mapema huanza kutafuta mapema, na mzazi anayesomesha watoto watatu kwa kupokezana anajua maana ya mkubwa kuchelewa mwaka mmoja wakati mdogo anasubiri zamu yake.

Ukishapata jumla, uliza maswali yanayoweza kuipunguza. La kwanza ni kama unatakiwa kurudia masomo yote au yale uliyoshindwa tu. Kama ni haya ya pili, uliza kama ada itatozwa kwa mwaka mzima au kwa idadi ya masomo. La pili ni muhula. Ikiwa masomo uliyoshindwa yote ni ya muhula wa pili, huenda huna sababu ya kupanga chumba tangu Oktoba au Novemba. Unaweza kujisajili kama kanuni zinavyotaka, ukarudi nyumbani kufanya kazi, kisha ukarejea muhula wako ukifika. Hilo peke yake linaweza kukata gharama ya kuishi karibu kwa nusu. La tatu ni muda wa juu unaoruhusiwa kukamilisha shahada, kwa sababu vyuo huweka kikomo cha miaka, na mwaka unaoutumia sasa huhesabiwa.

Wanaosoma kwa ufadhili unaodai GPA ya juu, kama ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wa sayansi, wana jambo la ziada. Kwao hata sapu moja inaweza kuugusa ufadhili, kwa hiyo barua ya masharti waliyopewa mwanzoni ndiyo ya kusomwa kabla ya kitabu cha kanuni.

Kama mtihani bado hujaufanya

Ningependa sehemu hii isomwe na wale ambao bado hawajashindwa. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuahirisha kwa kufuata utaratibu, na ndiyo inayotumiwa na wachache kuliko zote.

Mwanafunzi anayeugua, aliyejifungua, au aliyefiwa na mzazi wiki ya mitihani, mara nyingi hujikaza na kuingia chumba cha mtihani kwa sababu anaogopa kubaki nyuma. Akishakaa na kuandika jina lake kwenye kitabu cha majibu, chuo kitamhesabia kwamba amefanya mtihani, na kueleza baadaye kwamba alikuwa na homa hakusaidii sana. Kama angeomba kuahirisha kabla ya mtihani, na ombi likakubaliwa, angefanya mtihani maalumu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa mtihani wa kwanza, si wa marudio: daraja lake halibanwi kwenye C, na alama zake za majaribio zinabaki. Mtihani maalumu mara nyingi hufanyika pamoja na sapu, kwa hiyo nauli ni ile ile, lakini matokeo ni tofauti kabisa.

Utaratibu wake ni huu. Andika barua au jaza fomu ya kuahirisha mtihani kupitia mkuu wa idara yako kabla ya tarehe ya mtihani. Ambatanisha ushahidi: kwa ugonjwa, taarifa ya daktari iliyopitishwa na kituo cha afya cha chuo, kwa msiba au tatizo la kifamilia, barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Pitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kwa kuwa maelezo yanayotoka kwake yana uzito. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Usikae tu chumbani bila kutokea kwenye mtihani, kwa maana katika vyuo vingi kutofanya mtihani bila ruhusa ni sababu ya kuondolewa masomoni, na hapo hakuna sapu wala kari.

Vivyo hivyo kwa ada. Wapo wanaosoma muhula mzima bila kusajiliwa wakitumaini fedha itapatikana, kisha wanazuiwa kufanya mtihani, na mwaka unapotea pamoja na kodi na chakula chote walichokwisha kulipia. Ukiona kufikia wiki za mwanzo hakuna dalili ya ada, omba kuahirisha masomo mapema kwa sababu za kifedha na umjulishe afisa mikopo siku hiyo hiyo, ili mkopo wako usimamishwe kwa utaratibu badala ya kupotea.

Hatua ya tano: rufaa, ikiwa una sababu

Rufaa ya kusahihishiwa upya hulipiwa, na ina siku zake chache. Ifanye ukiwa na hoja: majaribio yako yalikuwa mazuri, unakumbuka ulichojibu, au alama za muhula zilizoonyeshwa kwenye mfumo si zile ulizopewa darasani. Jambo hili la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, na mara nyingi halihitaji hata rufaa, bali mwalimu wa somo kulinganisha orodha yake na mfumo. Ndiyo maana karatasi za majaribio hazitupwi hadi Seneti ipitishe matokeo. Wakati rufaa inasubiri majibu, endelea kujiandaa kwa sapu kana kwamba rufaa haipo.

Ukidisko

Aliyeondolewa masomoni bado anadaiwa mkopo aliokwisha kuutumia. Kutomaliza shahada hakufuti deni. Marejesho kwa mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Habari njema ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni haliongezeki kwa tozo hiyo kama zamani. Mtu akiweza kupata taarifa ya deni lake mapema na kuanza kulilipa kidogo kidogo, atakuwa na mzigo mwepesi siku atakaporudi kusoma.

Kurudi kupo. Kanuni za vyuo hueleza baada ya muda gani unaweza kuomba udahili upya na kwa kozi ipi, na barua ya kuondolewa hutaja sababu, kwa hiyo itunze hata kama inauma kuitazama. Kwa anayehitaji kufanya kazi huku akisoma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na hutoza ada kwa masomo anayojisajili mtu, jambo linalomfaa yule ambaye hawezi tena kutoa ada ya mwaka kwa mkupuo. Kuhamia chuo kingine kwa kuficha kwamba uliondolewa hakufai, kwa sababu taarifa za udahili hupita Tume ya Vyuo Vikuu, na shahada inayojengwa juu ya maelezo ya uongo inaweza kufutwa.

Hatua ya sita: mweleze anayekulipia, kwa karatasi

Mzazi anaposikia tu kwamba mtoto amefeli, husikia aibu kabla ya kusikia hesabu. Nenda kwake na karatasi uliyoiandika: kundi ulilomo, gharama kwa mafungu, tarehe za kulipa, kile utakachokitafuta mwenyewe na kile unachokiomba. Sema mwezi kwa mwezi fedha zitahitajika lini, maana mkulima wa korosho wa Mtwara na mfugaji wa Simiyu hawapati fedha miezi ile ile, na chuo kikielezwa mapema huweza kukubali ada ilipwe kwa awamu. Uficho ndio unaogharimu zaidi. Nimemwona kijana akiaga nyumbani kila Oktoba kwa miaka miwili akiwa hana tena usajili, na fedha zote za miaka hiyo hazikununua hata somo moja.

Hatua ya mwisho ni ya siku utakapofaulu na kuingia mwaka unaofuata. Usidhani mkopo utajirudisha wenyewe. Hakikisha matokeo yako mapya yamesomeka kwenye mfumo, jisajili ndani ya muda, kisha fika dawati la mikopo na barua ya Seneti au matokeo yaliyopitishwa, uombe jina lako liingizwe katika orodha ya wanaoendelea. Angalia akaunti yako ya SIPA, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, kila wiki hadi uone umepangiwa, na kabla mkupuo wa kwanza haujatoka uwe na akiba ya chakula ya angalau mwezi mmoja, kwa sababu majina ya waliorudia mwaka mara nyingi huchelewa kuliko ya wenzao.